Mara nne ruhusa, ya tano marufuku: mwanangu Zena na maziwa yaliyokuwa jirani

Wakuu, salaam kwenu wa bondeni na wa milimani.

Ninayoandika yamenipata mwenyewe, na waliohusika nitawataja majina. Anayeona nimemsingizia anajua ninapopatikana. Mwandiko mnisamehe, chuoni nilikaa miezi minane tu.

Mke wangu Mwanaidi alifariki siku ya tatu baada ya kujifungua. Akaniachia binti, Zena.

Wakati huo tulikaa mlimani, juu ya Kilakala. Mwanzoni tulimlea kwa maziwa ya kopo kutoka madukani Morogoro. Unachanganya na maji ya moto, unamnywesha kwa kijiko. Mtoto akanawiri mpaka nikaanza kucheka tena.

Ndipo vita vya Wadachi na Waingereza vikaanza.

Meli haziji. Makopo yakaadimika, halafu yakaisha kabisa. Mbuzi wetu wa maziwa naye askari wakamswaga pamoja na wa wenzetu, eti kitoweo cha jeshi.

Tukabaki na maji ya mchele. Mmewahi kuona kichanga kinalia bila machozi? Msiombe.

Sasa sikieni uchungu wenyewe.

Nyumba ya pili kutoka kwangu alikuwepo mwanamke ananyonyesha. Mwajuma, mke wa shemeji yangu Kibwana, kaka wa marehemu. Mwanawe Shomari alikuwa na miezi minne, na maziwa yalikuwa yanamlowesha kanga.

Kibwana akakataa Zena asinyonye pale.

Kisa? Zena alishaposwa na huyo Shomari, tangu wiki aliyozaliwa! Kwetu Waluguru ardhi inafuata lukolo, yaani ukoo wa mama. Shamba la Kibwana atarithi Zena, mtoto wa dada yake, si Shomari. Lakini Shomari akimwoa Zena, basi mwana anakula shamba la baba yake. Na dini inasema walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawaoani.

Mtaniuliza, wewe baba ulikuwa wapi? Kwetu baba ni mgeni, mwenye neno ni mjomba. Hata nilipojenga ni ardhi yao. Wanawake wengine wenye maziwa waliogopa kumgusa mtoto bila idhini ya Kibwana.

Nikampigia magoti. Akaenda kwa mwalimu wa Kurani, akarudi anatabasamu.

"Shemeji, mwalimu kasema chini ya mara tano hakuna undugu. Basi anyonye mara nne. Nne tu! Baada ya hapo katafute kopo lako."

Mara nne, wakuu. Kama mtu anayepima chumvi.

Zikaisha kwa siku mbili, Kibwana kasimama pale pale anahesabu kwa vidole. Mtoto akafumbua macho, akanishika kidole. Halafu basi, mlango ukafungwa.

Nikateremka mjini kwa karani Feruzi, aliyeshika funguo za ghala la serikali. Makopo niliyaona kwa macho yangu, yamepangwa mpaka juu.

"Haya ya wagonjwa wa Kizungu," akasema. "Mwanao Mzungu? Mnyweshe togwa, mzee!"

Waliokuwepo wakacheka.

Nilirudi mikono mitupu. Zena alikuwa hawezi tena kulia. Anafungua kinywa, sauti haitoki. Nikambeba, nikaenda kusimama nje kwa Mwajuma tangu asubuhi mpaka jua likapinda. Kuingia siwezi, kuondoka siwezi.

Mwajuma alikuwa anapepeta mahindi. Ghafla akatupa ungo.

"Baba Zena, umeniletea mtoto au unasubiri uniletee maiti?"

Kibwana akatoka ndani. "Mwajuma! Ukimgusa huna mume!"

"Basi wewe fungua kinywa uniache, na mimi nafungua kifua."

Akamchukua mtoto mikononi mwangu, akaketi chini mbele ya mumewe. Zena hakuwa na nguvu ya kuvuta. Mwajuma akamkamulia mdomoni, tone kwa tone, mpaka koo likacheza.

"Ya tano hiyo," akamwambia mumewe. "Hesabu."

Talaka ilitoka siku ile ile, na mimi nikafukuzwa kwenye ardhi yao. Mwajuma yuko kwao na Shomari wake, huku Mafiga, mimi nimejenga karibu, nalima vibarua. Zena anatambaa. Lakini Kibwana ametuma neno kwamba mtoto ni wa lukolo na atakuja kumchukua. Kila nikisikia hodi ya mwanamume, namnyakua Zena natokea mlango wa nyuma.

Feruzi ana dhambi yake. Kibwana ana yake. Lakini asubuhi ile nzima maziwa yalikuwa hatua kumi kutoka kwangu, na mimi nilikuwa naogopa kupoteza kiwanja. Hilo hakunifanyia mtu.

Nililojifunza: kichanga hakisubiri wakubwa wapatane.

Wa kunilaumu anilaumu, nimezoea. Ila mwenye kichanga kisicho na mama, aandike hapa anamlisha nini. Makopo bado hayajarudi, na Mwajuma anasema maziwa yameanza kupungua.