Mwandiko wa Hija Mkubwa

Hija Mkubwa alikuwa golikipa asiyeogopa kiatu cha mtu, lakini siku aliyoandika barua ya wachezaji aliogopa hata akamwaga wino.

Ilikuwa mwaka 1956. Alikuwa akiandika alama juu ya magunia katika ghala la karafuu mtaani Malindi, na wenzake wa timu walikuwa wachukuzi papo hapo. Tajiri mwenye ghala aliwaajiri kwa ajili ya mpira: ukicheza una kazi, ukiumia huna. Matar, winga wao, alivunjika mguu katika kiwanja cha Mnazi Mmoja. Wiki haikuisha, akaambiwa asirudi kazini.

Wachezaji wakakubaliana kuunda chama chao, wasicheze fainali ya kombe mpaka Matar arejeshwe. Ilitakiwa barua kwa tajiri, isiyo na majina, na ajuaye kuandika vizuri alikuwa Hija peke yake.

"Tajiri anaujua mwandiko wangu," aliwaambia. "Anauona kila siku kwenye magunia."

"Sasa aandike nani?" aliuliza Hamad, beki wao.

Hija akaandika.

Siku tatu nzima, mlango ukibishwa, anaruka.

"Kama umejuta, nenda kaombe radhi," mkewe Mwanakheir alimwambia.

"Sikujuta. Naogopa tu."

Siku ya nne akaitwa na tajiri. Barua ilikuwa mezani, na ubavuni mwake kipande cha gunia chenye mwandiko wake.

"Nani kakutuma?" tajiri aliuliza.

Majina yote yalimjia ulimini. "Sikutumwa na mtu, bwana."

"Basi na kazi huna."

Siku ya fainali Hija alijibanza nyuma ya watazamaji. Wenzake wakicheza, chama kimekufa, naye kafukuzwa bure. Timu ya pili ilikwishaingia. Mara wakatokea akina Hamad wamevaa kanzu zao, wakaketi kwenye mstari wa kiwanja. Watu wakazomea, maganda ya machungwa yakarushwa. Hija akapenya katikati ya watu mpaka akaketi kando ya Hamad.

"Unatetemeka," Hamad alimnong'oneza.

"Na wewe pia."

Baada ya wiki mbili Matar alirejeshwa, akawekwa bawabu wa ghala. Hija hakurejeshwa. Alihamia Bwejuu kwa wakwe zake, akalima mihogo, na kwa miezi mingi gari ikisimama barabarani alikuwa akiingia ndani na kutia komeo.