Marundo Mawili ya Udongo

Juzi nilikwenda kumwona kaka yangu huko Nyamira, nikawakuta vitukuu wake nyuma ya nyumba wakichokozana. Mmoja alikuwa juu ya ukuta, mwenziwe chini anamkazania: "I dare you! Ruka!" Nikasimama na kikombe changu cha chai, na kukaa tena kukanishinda.

"Dada, kiti kina miiba?" kaka akauliza.

Kiti hakikuwa na miiba, rafiki yangu. Neno lile ndilo lililonichoma. Mimi nalijua tangu siku lilipofika kwetu, enzi za mkoloni, nikiwa darasa la nne.

Lililetwa na mwalimu wetu, mtu wa upande wa ziwani. Hakujua Kigusii, na Kiswahili chetu kilikuwa cha kuokoteza, basi kila neno la Kiingereza alituonyesha kwa mwili wake. Aliruka, alilia, alilala sakafuni na suruali yake nyeupe. "Dare" likamshinda. Akasema ni kuthubutu, na pia ni kumwambia mwenzako afanye jambo unalojua analiogopa. Tukamkodolea macho.

Sikuwa mtoto wa kutulia. Nyanya alikuwa akisema nimezaliwa na siafu miguuni. Nikatoka mbio bila ruhusa, nikarudi na udongo ndani ya sketi, nikamwaga marundo mawili mbele ya ubao. Darasa zima likaangua kicheko, maana malishoni ndivyo tulivyofanya. Wawili wakitaka kupigana, mtu huwawekea marundo: hili titi la mama yako, hili la mama yake. Atakayethubutu kulipiga teke rundo la mwenzake, vita vimeanza.

"Hata kwetu wanafanya hivyo!" mwalimu akasema, akacheka mpaka akafuta macho. Nilifurahi siku ile kupita kiasi.

Jioni nikamsimulia nyanya akisaga wimbi. Jikoni kulinukia moshi na chinsaga, ile mboga chungu iliyolala kwenye maziwa. Nyanya hakucheka.

"Huyo Mzungu mwenye neno lake amechelewa kulijua," alisema. "Lakini si mchezo, mwanangu. Marundo hayo huyaweki mpaka uwe tayari kupigwa."

Kaka yangu alikuwa na msichana aliyempenda ng'ambo ya mto, na zizi letu lilikuwa tupu. Kwetu ng'ombe wa mahari ya dada ndio waliomwoza kaka. Akapatikana mtu wa kunioa, wa upande wa Nyamarambe, mwenye mke tayari. Asubuhi moja baba akaniambia, "Leo huendi shule." Nikajua. Ng'ombe wakishaingia langoni nitakuwa mke wa mtu, na kibao changu cha kuandikia kitafunikia mtungi.

Niliingia ndani, nikatoka, nikaingia tena. Nilichota maji ambayo hakuna aliyeyataka. Kisha nikasikia mluzi wa kaka kwenye njia ya migombani, akisaidiana na wageni kuwaswaga ng'ombe wa mahari. Mluzi ule ulikuwa wa furaha, nami nikauchukia.

Nyanya akaacha jiwe lake. Alitembea na mikono yake yenye unga hadi langoni, akachutama, akakwangua udongo, akafanya marundo mawili. Baba alikuwa amesimama palepale.

"Mwanangu, haya ndiyo uliyonyonya," akamwambia. "Kama unathubutu, wapitishe juu yake."

Baba akabadilika rangi. Radhi ni bora kuliko mali, tulikuwa tukiimba shuleni, lakini mtamba wa mbele hakusoma shule. Alikuja tu, kichwa chini. Baba akamrukia, akamshika pembe, akaburutwa, magoti yake yakalima tope hadi karibu kabisa na mikono ya nyanya. Hapo mtamba akasimama.

"Warudisheni," baba akasema. Hakumtazama mtu.

Mimi nikarudi shule. Baba hakunisemesha mpaka palizi la wimbi. Msichana wa ng'ambo ya mto akaolewa kwingine, na kaka akangoja miaka mpaka pareto ikamletea ng'ombe wake. Hakuwahi kuninung'unikia. Hilo ndilo lililoninyima kutulia maisha yangu yote, kwamba hakuninung'unikia.

Juzi, chai ikapoa, nikamwuliza. Uzeeni mtu huishiwa na woga.

"Hukunichukia?"

"Nilikuwa nyuma ya ng'ombe na fimbo," akasema. "Yule mtamba aliposimama, fimbo moja tu ya mgongo ingemaliza yote. Niliinua mkono, dada. Nikakuona mlangoni umeshika mtungi."

Tukatoka kutembea kidogo. Boma la baba halipo, lango halipo, migomba ilikatwa zamani, yote sasa ni majani chai mpaka bondeni, na watoto wana neno bila udongo wake. Kaka alitangulia na mkongojo wake kati ya mistari ya chai. Katikati ya mstari ulionyooka akapinda, akazunguka mahali pasipo na kitu, pale palipokuwa lango, akarudi njiani. Nami nikazunguka nyuma yake.