Bati la Mama na Wanaochota

Mama yangu alipofariki, wajomba zangu walikuja Newala na ngazi. Siku ya tatu ya msiba, mikeka bado imetandikwa uani, mjomba mdogo akaiegemeza ngazi ukutani, akapanda na nyundo kung'oa mabati. Alikuwa anajenga nyumba yake Chiwata.

Nilikasirika mpaka leo sijapoa. Bati lile halikuwa la kufunika nyumba tu. Sisi wa huku juu hatuna mto. Mvua inanyesha juu ya bati, inaingia kwenye mfereji, inashuka kisimani, na hayo ndiyo maji ya mwaka mzima. Ukitoa bati, kisima ni shimo. Mwanangu wa miaka mitatu alikuwa analelewa nyumba ile, na mdogo wangu alikuwa amebaki naye, kwa sababu mimi kazi yangu iko Masasi.

Kazi yenyewe ni kuchapa na kutoa kopi. Kompyuta ya pale ni kuukuu, kumbukumbu yake ndogo, na mimi nilikuwa na ujinga wangu: kila nikifunga programu, naizima kompyuta nzima na kuiwasha upya. Niliamini programu ikifa inaacha takataka humo ndani. Wateja wanasubiri, mimi nasubiri. Siku moja fundi wa kike aliyekuja kutengeneza printa akaniangalia akacheka.

"Mama, unafagia nyumba iliyokwisha kufagiwa."

Akanieleza. Ndani ya kila kompyuta kuna kiini cha mfumo, ndicho kinachogawa kumbukumbu, na kinaigawa kwa kurasa ndogo ndogo. Programu ikifa, hata ikifa vibaya katikati ya kazi, kiini hakisubiri kuombwa. Kinapita ukurasa kwa ukurasa, na kwa kila ukurasa kinatazama hesabu: wangapi wanautumia? Kama alikuwa marehemu peke yake, kinauchukua, na kabla hakijampa mwingine kinaufuta mpaka uwe mweupe, asije mgeni akasoma siri za aliyetangulia. Kama kuna wengine wanaoutumia, kinapunguza mmoja kwenye hesabu na kuuacha palepale. Wala hakimwambii mtu hama.

Nikamuuliza, basi hakibaki kitu? Akasema linabaki jina lake kwenye orodha, na mstari mmoja unaosema alikufaje, mpaka programu iliyomzaa ije iulize. Ikishauliza, jina linafutwa. Na mzazi akitangulia kufa, watoto wake wanapewa programu ya kwanza kabisa, ile iliyoamka kabla ya zote, nayo ndiyo itakayouliza habari zao.

Niliacha kuizima kompyuta. Lakini mambo yale yalinikaa. Nimesoma mpaka kidato cha nne, nimefundishwa uraia, na sijawahi kusikia utaratibu wa mirathi wenye adabu kama ule.

Basi siku ile ya msiba nimesimama chini ya ngazi.

"Shuka, mjomba."

"Mwenye nyumba ameondoka, mwanangu. Bati linamfunika nani? Popo?"

"Hesabu kwanza wanaolitumia."

"Maneno hayo umeyatoa wapi?"

"Kwenye kompyuta."

Akacheka huko juu, misumari mdomoni. "Kompyuta imemzika nani?"

"Inazika kila dakika, mjomba, na sijasikia imegombana."

Waliokaa mkekani wakageuka. Mjomba mkubwa, ambaye kwetu neno lake ndilo la mwisho, akaweka kikombe chini.

"Umesema tuhesabu nini?"

"Watu, mjomba. Tangu asubuhi mnahesabu vitu."

Nikajua nimevuka mpaka, na sikurudi nyuma. Kisha mjomba mkubwa akauliza uani kwa sauti ya kawaida, nani anachota kwenye kisima hiki?

Mdogo wangu akanyoosha mkono, mwanangu akiwa mgongoni mwake. Mama wa nyumba ya pili akasema yeye na watoto wake. Bibi wa ng'ambo ya njia akasema, "Niandikeni. Marehemu alinipa ndoo mbili kwa siku. Ya tatu nilikuwa naiba, naye alijua."

Watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu tuzike.

"Nyumba tatu," akasema mjomba mkubwa. "Kitanda, jembe, sanduku la nguo, hivyo alivitumia peke yake, gawaneni. Bati halishuki mpaka akosekane wa kuchota." Akainua uso kwenye ngazi. "Na misumari uliyokwisha kuing'oa, uirudishe."

Mjomba mdogo aligongelea misumari minne. Wingu lilikuwa limeanza kufunga upande wa bonde la Ruvuma, na yeye alikuwa anatoka jasho. Aliposhuka akaomba maji. Mdogo wangu akamchotea kisimani, akanywa kikombe kizima, akaomba kingine.

Mdogo wangu akaninong'oneza kuuliza kama na huyu tumhesabu.

Nikamwambia asithubutu.