Kinanda cha Mdogo Wangu

Miaka ile ambayo hata sabuni ilikuwa ya kutafuta, mwalimu wetu wa kwaya alinifuata kwenye kibanda changu cha kutengenezea redio, mtaa wa Nyasho mjini Musoma.

"Fundi, kile kinanda cha kanyagio kimeliwa na panya," akasema. "Wewe una mabaki ya redio chungu nzima. Tutengenezee cha umeme."

Nilikubali kwa sababu ya mdogo wangu wa kike. Alijifunza muziki kwa masista, lakini mguu wake mmoja ulikuwa umepooza tangu utotoni, hivyo kila alipopiga ilibidi mwenzake amkanyagie. Cha umeme angekipiga peke yake.

Nilichonga kabati la mninga, ndani nikapanga vibao vya saketi: kimoja cha sauti nene, kingine nyembamba, kingine cha kuitetemesha. Nilitaka kila kibao kichomoke, maana vitu vya mabaki havichelewi kufa. Plagi za kazi hiyo hazikuwepo Musoma wala Mwanza. Nikachukua valvu zilizoungua, zile taa za kioo za redio za zamani, nikavunja vioo, nikabakiza vitako vyenye miguu na kulehemu waya humo. Kitako cha valvu kina ulimi katikati, hukichomeki kinyume hata ukifumba macho. Soketi zake nikazipanga mgongoni mwa kabati, na waya wa shaba wa kuzigawia umeme nikautoa kwenye mota iliyoungua ya kiwanda cha pamba kule Bunda.

Siku ya kuwasha, pale nyumbani, kabati likaunguruma.

"Kaka," mdogo wangu akauliza, "hiki ni kinanda au mashine ya kusaga?"

Nilifumua waya zote za ethi, zile za kurudisha umeme, nilizokuwa nimeziunga ovyo, nikazikutanisha kwenye bolti moja karibu na transfoma. Muungurumo ukakatika. Mdogo wangu akabonyeza noti moja, akaiachia ilie mpaka mama akatoka jikoni kutazama. Mdogo wangu alikuwa analia, na hakutaka tumwone.

Alikipiga miaka kadhaa. Tulikipeleka hadi Butiama kwenye mkutano wa kwaya, juu ya lori la pamba, na watu wakazunguka nyuma ya kabati kutafuta redio iliyofichwa.

Halafu milango ya biashara ikafunguliwa, bidhaa zikamwagika. Jumapili moja mwalimu akaingia na kinanda kipya cha plastiki, na kijana wa kukipiga aliyevaa tai.

"Tumshukuru Mungu," akatangaza, "leo tumeachana na lile sanduku la mabaki!"

Kanisa zima likacheka. Mdogo wangu alikuwa benchi la mbele, gongo lake la kutembelea likiwa magotini.

Baada ya ibada nilimuuliza mwalimu kwa nini asimwachie mdogo wangu hicho kipya.

"Fundi, mambo yamebadilika," akasema, akinipigapiga begani. "Siku hizi mpigaji anasimama mbele, watu wamwone."

Nilipofuata kabati langu, nililikuta stoo ya kanisa limejazwa majembe. Vibao walikuwa wamevitupa nje kwenye mvua na shaba wameshaiuza. Baadaye mdogo wangu aliolewa kijijini Mugeta. Jirani zake wakimuuliza kama anajua muziki, hujibu, "Nilikuwaga napiga," na kugeukia kazi yake.

Siku moja umeme ulipanda ghafla, kile kinanda cha plastiki kikaungua. Mwalimu akaja nacho kibandani, amekifunga kwa kitenge kama mtoto mgonjwa.

"Tusaidie, fundi. Jumapili tuna harusi."

Nilikifungua. Ilikuwa diodi na fyuzi tu, kazi ya muda mfupi. Nikakifunga tena, nikamrudishia.

"Hakina vipuri," nikamwambia.

Vipuri vilikuwepo, tena vimetundikwa ukutani nyuma yangu ndani ya mifuko yake mipya. Aliviangalia, akaniangalia, akaondoka bila kuniaga.