Ufunguo Uliobaki Japani

Georgina alipoteza ufunguo wa gari asubuhi ya senene, wale panzi wa kukaanga. Mvua ya Novemba ilikuwa imenyesha usiku kucha, na kulipopambazuka watu walianza kuitana kutoka kibanja kimoja cha migomba hadi kingine: wameshuka, wameshuka! Georgina, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, akaacha chai mezani, akashika ndoo, akakimbilia rweyani, kwenye uwanda wa majani ulio juu ya kijiji, akaokota pamoja na watoto wa jirani na kucheka kama wao. Ufunguo ulikuwa mahali pake pa siku zote, kwenye fundo la pembe ya kanga. Aliporudi na ndoo imejaa, fundo lilikuwa limefunguka.

Alirudi rweyani na mdogo wake Datius. Walitafuta wakiwa wamepiga magoti, wakitenganisha majani kwa vidole kama watu wanaotafuta chawa kichwani mwa mtoto.

"Dada, usilie. Ni chuma tu."

"Si chuma, Datius. Ni harusi ya kule Ijumbi, Jumamosi. Sufuria nitazibeba kichwani?"

"Tutauona."

"Ulisema hivyo hivyo kuhusu mbuzi wa Pasaka aliyepotea."

Datius alicheka. Walitafuta mpaka jua likakausha majani, mbuzi wa watu wakaja kulisha pale pale walipokuwa wanapapasa. Hawakuuona.

Huyo Datius ndiye aliyemfanya Georgina awe mpishi. Mama yao alifariki akimwacha Datius bado ananyonya, na Georgina, binti wa miaka kumi na mitatu, akaacha shule akamfunga mgongoni. Alianza kupika misibani, maana msibani hakuna anayemfukuza msichana mwenye mtoto mgongoni. Anapewa ndizi za kumenya, na jioni anapewa chakula cha kwenda nacho. Kutoka misibani akahamia harusini. Sasa Muleba hii, ukimkuta mtu aliyeoa miaka ya karibuni, kuna uwezekano mkubwa kwamba ndizi za siku yake zilitoka mikononi mwa Georgina, laini, zimekolea, zimefunikwa majani ya mgomba mpaka dakika ya mwisho.

Miaka mingi alikodi magari ya watu. Madereva walimwacha na sufuria zake kwenye mvua, wengine walizikalia. Mwisho alinunua Noah kuukuu, iliyoagizwa kutoka Japani, na kwa kuwa Datius ndiye aliyekuwa na leseni, yeye ndiye aliyekwenda Dar es Salaam kuitoa bandarini. Alifika nayo akipiga honi toka barabara kuu, mbele amefunga majani ya mgomba. Watu walikunywa rubisi, pombe ya ndizi. Datius alimwekea dada yake ufunguo mmoja kiganjani, akamkunja vidole.

"Ni mmoja tu, Dada. Wa pili umebaki Japani. Wale watu nao wanasahau."

Georgina alilifanya jambo lile kuwa kichekesho chake. Kila aliyepanda gari lake alisimuliwa habari za bibi mmoja wa Kijapani ambaye ameuweka ufunguo wa pili kwenye kopo la chumvi, na kila Jumapili anautoa, anaufuta, anaurudisha.

Datius alimfundisha kuendesha, kwa subira ambayo hata mume wake marehemu hakuwahi kuwa nayo. Safari za harusi alimwendesha mwenyewe. Siku nyingine gari lilikaa uani. Kwenda kanisani Georgina alitembea, na kwenda Bukoba kupima presha alipanda basi, kwa sababu petroli ilikuwa ya sufuria, si ya miguu yake.

Hata hivyo petroli ilikuwa inapungua. Mwaka jana ilipungua mpaka akamfukuza Ildefons, mtu mzima kutoka Ngenge aliyekuwa akimlimia kibanja na kulala kwenye kibanda cha getini.

"Tujiulize tu, Dada," Datius alikuwa amesema. "Sisi tukitoka, nyumbani anabaki nani?"

Ildefons aliweka panga chini. "Mama, mimi hata kifuniko cha tangi sijui kinafunguliwaje."

"Basi ulijifunza," Georgina alimjibu, mbele ya watu.

Baada ya ufunguo kupotea, Georgina alipiga simu kila mahali. Gereji moja kubwa ilimwambia abadilishe kompyuta yote ya gari, bei ambayo ilikaribia kumfanya acheke. Fundi mmoja wa mjini Muleba alitaka kuvunja stelingi aunge waya. "Na likiibwa?" Georgina aliuliza. "Likiibwa si litawaka kirahisi," fundi akasema, kisha akajisikia mwenyewe. Mwisho mke wa jirani akampa namba ya Muksini, aliyechonga funguo karibu na stendi ya Bukoba.

"Mama, usikodi gari la kuvuta," Muksini alisema kwenye simu. "Utamaliza hela barabarani. Fungua mlango wa dereva, toa kitasa, niletee kitasa peke yake."

Datius ndiye aliyekitoa, kwa bisibisi na waya mwembamba uliopitishwa dirishani. Alifanya kazi nadhifu, bila kukwaruza rangi. Georgina alikifunga kitasa kwenye kanga, akakipakata kwenye basi kama kitoto.

"Ma," abiria wa pembeni alimwuliza, "mlango wenyewe umeuacha wapi?"

"Unakuja na basi la nyuma."

Basi zima lilicheka, naye akacheka, na kwa kitambo akasahau Jumamosi.

Muksini alikuwa mtu mwembamba mwenye meza ndogo barazani mwa duka la simu. Alikifungua kitasa, akapanga vipande vyake vya shaba juu ya gazeti, akavipima, akachonga.

"Unataka wenye vitufe, Mama? Ule wa kubonyeza ukiwa mbali, gari linaitika?"

"Baba, mimi nataka unaowasha. Kuitika nitaitika mwenyewe."

"Basi utapata usio na mbwembwe. Ila sikiliza. Huu hapa utafungua mlango na utazungusha stata. Injini haitashika mpaka kompyuta ya gari iitambue hii chipu iliyo ndani. Lazima nije na mashine. Utanilipia basi na chakula."

"Chakula ni ndizi."

"Ndizi za nani?"

"Zangu mimi. Watu wanaoana ili wazile."

Ijumaa alikuja. Datius alikuwa kibanjani akikata majani ya kufunikia sufuria za kesho. Muksini alikirudisha kitasa mlangoni, akachomeka waya chini ya usukani, akasoma kioo cha mashine yake.

"Gari lako linatambua funguo mbili, Mama."

"Ndiyo. Mmoja uko rweyani na senene. Wa pili uko Japani." Akamsimulia habari za bibi na kopo la chumvi.

Muksini alicheka vizuri. "Hutokea. Mengi hufika hivyo. Sasa njia ni mbili. Naweza kuuongeza huu mpya uwe wa tatu. Au nafuta zote za zamani, gari libaki linaujua huu peke yake."

Jibu lilikuwa rahisi, lakini halikutoka upesi. Georgina alikitazama kiti cha dereva. Mara kadhaa alikuwa amekikuta kimesogezwa nyuma, miguu yake haifiki, akajilaumu mwenyewe: uzee huu, nimekisogeza lini? Alikuwa hajawahi kuyaweka pamoja, kiti na petroli. Hata sasa hakutaka kuyaweka. Lakini yalikuwa yamesogea yenyewe, yakakaa.

"Kama uko Japani, Mama," Muksini alisema bila kuinua macho, "hakuna atakayelia."

"Futa."

Gari liliwaka. Datius alitokea kibanjani na mzigo wa majani begani, akapiga vigelegele kama mwanamke, akamkumbatia dada yake, akamshukuru Muksini kwa Kihaya, kasinge, kasinge waitu, mpaka Muksini akaona haya. Georgina hakumwambia mdogo wake habari ya kufuta. Alijiambia ni jambo dogo la mafundi.

Harusi ya Ijumbi ilipendeza. Datius aliendesha, alikoleza moto, alionja mchuzi na kujifanya amezimia kwa utamu, wanawake wakamrushia maganda. Georgina alimtazama kupitia moshi, akaona aibu kwa alichokuwa amekiwaza. Waliporudi, ufunguo aliufunga kwenye fundo, mafundo mawili safari hii.

Jumapili alitoka kwenda misa ya kwanza, baada yake kuna kikao cha WAWATA, umoja wa wanawake wa Kikatoliki. Alipofika mwisho wa kibanja, pale njia inapopinda, alisimama. Viatu vyake havikuwa na kamba, lakini aliinama kama mwenye kuzifunga.

Akasikia stata.

Ilizunguka muda mrefu, ikanyamaza. Ikazunguka tena. Georgina aliomba liwe gari la jirani, huku akijua kwamba jirani yake hana gari. Mara ya tatu sauti ilikuwa imeanza kuchoka, kama mtu anayeita mlangoni mwa watu waliohama.

Alirudi taratibu. Datius alikuwa kwenye kiti cha dereva, shati jeupe la kutokea, kiti kimesogezwa nyuma. Nje ya geti walisubiri watu wawili na mizigo yao. Walimwamkia Georgina kwa furaha. "Ma, leo gari la Ngenge limechelewa?" mmoja aliuliza, na kwa namna alivyouliza ikawa wazi kwamba alidhani Georgina ndiye mwenye biashara. Kijiji kizima kilikuwa kinajua jambo ambalo hakikujua kuwa ni siri.

"Leo haliendi," aliwaambia. "Mtuwie radhi." Wakainua mizigo, wakaondoka.

"Nilikuwa naliwasha tu, Dada. Betri isilale."

"Kwa ufunguo gani?"

Georgina alipitisha mkono dirishani, akauchomoa ufunguo mwenyewe. Alidhani angekuta kitu kipya, kilichofichwa, kisichoguswa. Ulikuwa umechakaa kuliko ule wake. Maandishi yalikuwa yamefutika, pembe zimelainika kwa vidole.

"Toka siku ile ya bandarini?"

"Ndiyo, Dada."

"Siku ile unanikunja vidole."

"Nilitaka kukwambia. Halafu ukaanza zile hadithi za bibi. Watu wakawa wanacheka. Ningeanzia wapi?"

"Na rweyani? Tulipopiga magoti, huu ulikuwa wapi?"

Datius aligusa mfuko wa suruali, akashusha mkono.

"Ulikuwa nao. Unapapasa majani na mimi, unao."

"Dada..."

Alichowaza Georgina wakati ule hakikuwa petroli, wala nauli za Jumapili zote zile. Aliwaza kwamba Datius angeweza kuudondosha ule ufunguo kwenye majani na kupiga kelele: Dada, huu hapa! Angeamini. Angecheka, angemkaangia senene wa kwanza. Asingeteseka na kitasa kwenye mapaja mpaka Bukoba. Ungekuwa uongo mwingine juu ya uongo, lakini ungekuwa wa huruma, na angekufa nao bila kujua. Mdogo wake alikuwa ameupima uongo huo, akaona utamgharimu Jumapili zake, akauacha.

"Shuka."

Alishuka.

"Toa sufuria."

Alizitoa moja moja, akazipanga ukutani. Zilipokwisha, Georgina alikisogeza kiti mbele, akawasha kwa ufunguo usio na mbwembwe, na gari likashika mara moja.

"Unakwenda wapi, Dada?"

"Kwa Ildefons."

Alilitamka jina hilo kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana, na Datius akakitazama kibanda cha getini, ambacho sasa kilikuwa cha kuku.

"Na mimi?"

"Wewe nenda misa. Nafasi yangu kwenye benchi iko wazi."

Barabara ya Ngenge ilimshusha kwenye bonde, hewa ikawa ya joto, vumbi likawa jingine, lile lile alilolifuta mara nyingi kwenye mazulia ya gari akidhani ni la kijijini kwao. Alimkuta Ildefons nyuma ya nyumba yake akikanda udongo wa kukandika ukuta. Hakuonyesha kushangaa. Alinawa, akamletea kiti.

"Haikuwa wewe," Georgina alisema kabla hajakaa.

"Najua, Mama. Mimi nilijua toka siku ile."

"Ulijua ni nani?"

"Nilimwona akitoka nalo kila Jumapili. Nilidhani umemtuma. Uliponiita mwizi ndipo nikaelewa."

"Mbona hukusema?"

"Ungemwamini nani, mimi au mtoto wako?"

Georgina hakumsahihisha kwamba ni mdogo wake. Alimwomba msamaha kwa Kihaya, kwa maneno ambayo mtu humwambia mkubwa wake. Alimwomba arudi.

"Chai ipo," Ildefons alisema. "Msamaha nimeupokea. Kurudi, hapana."

Georgina alikunywa chai. Ilikuwa na tangawizi nyingi, akashukuru, maana ilimpa sababu ya kufuta macho.

Alirudi mchana, gari likiwa tupu na kimya bila sufuria. Alipofika juu, mahali barabara inapopakana na rweya, alimwona mtu peke yake katikati ya majani, amepiga magoti, shati jeupe limelowa mgongoni. Datius alikuwa anatenganisha majani kwa vidole, kipande kwa kipande, bila kuruka. Safari hii alikuwa anatafuta kweli.

Hata angeuona, usingewasha kitu. Nao ulikuwa umefutwa siku ile ya Ijumaa, pamoja na ule mwingine. Kati yao wawili, Georgina peke yake ndiye aliyelijua hilo.

Alipunguza mwendo. Datius aliinua kichwa aliposikia injini. Walitazamana kupitia kioo chenye vumbi la Ngenge, kisha Georgina akaongeza gia, akaendelea nyumbani, akamwacha atafute.