Ng'ombe Hangoji Mwisho wa Mwezi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, ukungu haujaondoka kwenye vilima vya Kasikeu, na Bi. Nthenya Mutie ameshagombana na ng'ombe wake mara mbili.

"Simama, wewe! Jana umekula mahindi ya jirani, leo unanipiga teke?" anamfokea, huku vidole vyake vikiendelea na kazi. Maziwa yanaingia ndooni kwa mwendo wa haraka. Nthenya ana miaka hamsini, mwembamba, mcheshi, na akikupa mkono utajua umesalimiwa.

Kufikia saa moja atakuwa amejaza chupa kumi na nane na kuzipakia kwenye pikapu iendayo Salama. Huko, wenye hoteli za kando ya barabara kuu humlipa shilingi kumi kwa chupa. Wengine humwita kando kabla ya kulipa, wakamnong'oneza. Hawanong'onezi habari za maziwa.

Jikoni kwake imetundikwa kalenda ya duka, ya mwaka huu wa 1994. Ina alama za makaa na alama za kalamu nyekundu. "Ya makaa ni ya ng'ombe," anaeleza. "Ya nyekundu ni ya watu. Usiulize ni akina nani, sitakwambia."

Na nyuma ya zizi amefungwa mbuzi jike mweusi mwenye doa jeupe shingoni. Mchinjaji wa Kasikeu amekuja kumbembeleza mara tatu amuuzie. Mara zote tatu amerudi na kamba yake mkononi.

"Huyo si wa nyama," Nthenya anasema. "Huyo ni wa nauli."

Kumwelewa mbuzi wa nauli, yabidi turudi hadi mwaka wa 1962, Nthenya alipoolewa na Mutie akiwa na miaka kumi na minane. Mutie alikuwa kibarua Mombasa, akija nyumbani Krismasi na mara chache wakati wa kupanda. Baadaye alipata kazi ya kukata mkonge katika shamba moja karibu na Voi, akawa anakuja kila mwisho wa mwezi, mshahara ukishatoka. Anakaa siku mbili, anaondoka.

Miaka ikapita. Wenzake walioolewa mwaka mmoja na yeye walikuwa wakiitwa mama fulani. Yeye alibaki Nthenya tu, au mke wa Mutie.

Na kila asubuhi mama mkwe wake, Syombua, alisimama mlangoni akamuuliza umeamkaje. Swali lilikuwa la heshima kabisa. Lakini macho ya mzee huyo yalikuwa yanashuka hadi tumboni, halafu yanarudi juu.

"Afadhali angenitukana," anasema Nthenya. "Matusi ningejibu. Sasa macho utayajibu na nini?"

Mwaka wa 1968 Syombua aliacha kutazama, akasema. Alikuwa ametenga mbuzi wanane, na alikuwa amemwona msichana mmoja upande wa pili wa mto, mwenye bidii na heshima. Nthenya angemwoa msichana huyo awe iweto wake.

Iweto ni desturi ya Wakamba ya tangu zamani. Mwanamke asiye na mtoto hutoa mahari, huleta msichana nyumbani, na watoto wa msichana huyo huhesabiwa kuwa wa yule aliyemwoa. Si aibu, na maboma mengi yamesimama kwa njia hiyo. Nthenya mwenyewe hana neno baya juu yake.

"Ni desturi nzuri. Lakini mimi nilikuwa na miaka ishirini na nne. Nilikuwa bado nataka wa kwangu, wa kutoka hapa," anasema, na kujipiga tumboni kwa kiganja. "Nikamwambia, mwaitu, mama yangu, nipe muda. Akaniambia, nakupa mpaka mbaazi zivunwe mara mbili."

Mwaka huohuo Mutie alinunua mtamba wa gredi, ng'ombe wa maziwa wa uzao wa kizungu, kutoka upande wa Konza. Aliyefundishwa kumtunza alikuwa Nthenya, na mwalimu wake alikuwa Muthama, mpandishaji wa ng'ombe, aliyepita na pikipiki yake akibeba mbegu za madume ya gredi kwenye chupa ya baridi. Muthama alikuwa mkali. Ukimwita leo kwa ng'ombe aliyetaka dume juzi, alikukaripia mbele ya watu.

"Siku moja nilimwambia angoje mzee aje mwisho wa mwezi ndio tuamue," Nthenya anakumbuka. "Akacheka mpaka akashika pikipiki. Akasema, 'Mama, ng'ombe hangoji mwisho wa mwezi! Ng'ombe ako na siku yake. Ikipita, imepita.'"

Maneno hayo yalimkaa. Usiku hakupata usingizi. Ikiwa ng'ombe ana siku yake, na mbuzi ana siku yake, je, yeye Nthenya? Ni nani aliyewahi kumuuliza siku yake ni lini? Waganga wawili walikuwa wamempa mizizi ya kuchemsha, na hakuna hata mmoja aliyetaka kujua tarehe.

Hakuwa na wa kumuuliza, kwa hiyo akajifanyia mwenyewe. Alianza kuchora mistari ya makaa nyuma ya mlango wa jikoni, mstari mmoja kwa kila siku, na msalaba kwa siku za damu. Baada ya miezi mitano aliona kwamba misalaba yake ilirudi kila baada ya siku thelathini, au thelathini na moja, karibu kila mara tarehe ishirini na nane.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa la mfugaji hodari. Muthama alikuwa amemfundisha kwamba ng'ombe akionekana na damu kidogo, ujue joto lake lilikuwa jana au juzi. Nthenya akapiga hesabu yake vizuri: damu ni tarehe ishirini na nane, basi siku yake ni ishirini na sita. Na Mutie alikuwa anafika tarehe thelathini. Kumbe wamekuwa wakipishana kwa siku chache tu!

Akauza kunde, akatembea hadi stesheni ya Sultan Hamud, akapanda gari moshi la daraja la tatu hadi Voi.

Miaka hiyo, mke hakumfuata mume kazini bila kuitwa. Akitokea, kuna msiba, au kuna mwanamke mwingine anayetafutwa. Mutie alipomwona mkewe amesimama kati ya mistari ya mkonge, panga lilimtoka mkononi.

"Ni nani amekufa? Ni mama?"

"Hakuna aliyekufa."

"Sasa umekuja kufanya nini tarehe ishirini na sita, na mimi nakuja huko tarehe thelathini?"

"Nimekuja kwa sababu leo ndiyo leo," akajibu Nthenya, na vibarua waliokuwa karibu wakaangua kicheko.

Mutie aliishi chumba kimoja na wanaume watatu. Wenzake hao waungwana walibeba mikeka yao wakaenda kulala kwa jirani. Nthenya alikwenda Voi mara tatu mwaka huo wa 1969, na wale wanaume walikuwa wakimwona kwa mbali wanaanza kukunja mikeka. Walimpa jina, Mke wa Tarehe.

Mara zote tatu alirudi, na siku mbili tatu baadaye msalaba ukachorwa mlangoni kama kawaida. Mara ya tatu aliuchora kwa nguvu mpaka kaa likavunjika.

"Nililia siku hiyo. Si kwa sababu ya mtoto peke yake. Nililia kwa sababu nilikuwa nimefikiri kwa akili yangu, na akili imenidanganya," anasema.

Mbaazi zilikuwa zimevunwa mara moja.

Aliyemtoa gizani ni nesi mmoja wa zahanati aliyeitwa Tima, binti wa Kiislamu wa Kitui mjini ambaye wazee wake walitoka pwani. Nthenya alikwenda kwake na hesabu zake zote, amezikariri. Tima alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mamangu, nani aliyekufundisha hesabu hii?" akauliza.

"Mpandishaji wa ng'ombe."

Tima alifunika uso kwa ushungi wake, mabega yakamtikisika kwa kicheko. Alipoweza kusema tena, alimshika mkono. "Umehesabu vizuri kuliko wengi waliosoma. Lakini wewe si ng'ombe. Mwanamke, yai lake hutoka wiki mbili hivi kabla ya damu ijayo. Siku yako wewe ni katikati ya mwezi, kwenye tarehe kumi na tatu, kumi na nne. Na zile siku za karibu yake, utaona ute mwororo unaovutika, mfano wa ute wa yai bichi. Ukiuona huo, usingoje."

Ute huo Nthenya aliujua. Ng'ombe wake aliutoa kila alipotaka dume, na ndiyo alama ya kwanza ambayo Muthama alimfundisha kuitazama.

"Ng'ombe alikuwa ananiambia ukweli wakati wote," anasema, sasa akicheka. "Mimi ndio nilitazama damu, na nilifaa nitazame ute. Mbele ya macho yangu, kila wiki tatu!"

Alirudi nyumbani na siku yake mkononi, ila hakuwa na nauli. Kunde zilikuwa zimekwisha na ng'ombe alikuwa amekauka maziwa akingoja kuzaa. Ilikuwa Januari 1970. Akaenda kwa mtu mmoja tu aliyekuwa na mali karibu.

"Mwaitu," akamwambia Syombua, "nipe mbuzi mmoja kati ya wale wanane."

"Wale ni wa iweto."

"Najua. Nipe mmoja niende Voi."

"Umekwenda mara tatu."

"Nilikwenda siku ya ng'ombe. Sasa nataka kwenda siku yangu."

Akamweleza yote, ute na yai na tarehe, mambo ambayo mke hamwelezi mama mkwe wake hata kwa ndoto. Syombua alitazama chini muda wote. Nthenya alipomaliza, mzee aliinuka akaondoka. Siku mbili hakuuliza mtu ameamkaje.

Siku ya tatu ilikuwa siku ya soko. Syombua alishika kamba ya mbuzi mmoja, akampeleka Kasikeu mwenyewe, akarudi na shilingi ishirini na mbili zilizofungwa kwenye pindo la leso.

"Ukirudi mtupu," alisema, "nitauza wa pili."

Nthenya alirudi mtupu. Na Syombua, mwanamke wa neno lake, akauza wa pili. Akauza wa tatu Machi, mbaazi zikiwa bado mashambani. Majirani walisema mzee amerogwa na mke wa mwanawe. Mahari ya iweto ilikuwa inayeyuka gari moshi kwa gari moshi, na msichana wa ng'ambo ya mto aliolewa kwingine mwezi huohuo.

Mwisho wa Machi hakukuwa na msalaba mlangoni. Aprili pia.

"Sikumwambia mtu. Nilingoja asubuhi," Nthenya anasema. "Akaja mlangoni, akauliza umeamkaje. Nikamwambia, mwaitu, leo tazama tena." Machozi yanamtiririka na hayafuti, mikono ina maziwa. "Tulikaa chini pale mlangoni, mimi na yeye, tukalia kama watoto."

Mtoto alizaliwa Desemba 1970, msichana. Kwa desturi ya kwao, binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba, akaitwa Syombua. Wakafuata wavulana wawili, wote kwa hesabu ya mlangoni. Mzee Syombua alifariki miaka tisa iliyopita, akiwa ameita jina lake mwenyewe uwanjani kwa miaka kumi na mitano bila kuchoka.

Kati ya mbuzi watano waliobaki, wanne waliliwa mtoto alipopewa jina. Wa tano alikuwa jike, na huyu mweusi mwenye doa ni wa uzao wake. Tangu hapo wake saba wa vibarua na askari wamekwenda kwa waume zao kwa nauli ya uzao huo, na wanne wamerudi na mimba. Wale watatu, Nthenya aliwapeleka hospitali yeye mwenyewe. "Kuhesabu si dawa ya kila kitu," anasema. "Na waume waende pia wapimwe."

Syombua mdogo sasa ana miaka ishirini na mitatu. Ameolewa huko Zombe, upande wa Kitui, na mumewe anafanya kazi bandarini Mombasa. Huu ni mwaka wa pili, naye bado anaitwa Syombua tu.

Jana alifika kuwaona wazazi. Sasa hivi yuko ndani, anawasha moto wa chai. Je, mama amemuuliza?

"Sijamuuliza na sitamuuliza," Nthenya anajibu kwa sauti ya chini, akiinua ndoo. "Mimi niliulizwa kila asubuhi kwa miaka minane. Namtazama usoni peke yake. Siku atasema mwenyewe, 'Mama, nataka nauli,' mbuzi yuko."

Mlango wa jikoni unafunguka. Binti anatoka, anamsalimu mama yake, anachukua kibuyu cha maji. Kisha badala ya kurudi ndani anazunguka nyuma ya zizi, anachuchumaa, na kuanza kumfungua mbuzi mweusi kamba ya mguu.

Nthenya anaweka ndoo chini polepole. "Leo ni tarehe ngapi?" anauliza.

"Kumi, Mama," binti anajibu bila kugeuka. "Na leo ni siku ya soko."