Mkeka wa Mama Laban

Ndani ya mwili wa mavyaa wangu mna chuma. Tangu tuliporudi naye kutoka Mombasa bado sijalizoea jambo hili. Mchana akilala, nauangalia upande wake wa kulia, shuka ikipanda na kushuka kwa pumzi zake, na ninajiambia kwamba hapo pana chuma, kimepata joto la mwili wake, na mwenyewe amelala usingizi kama mtoto aliyeshiba.

Jina lake ni Rebecca, lakini hapa Idsowe anayemwita hivyo ni mchungaji peke yake. Kwa watu wengine wote yeye ni Mama Laban. Laban ni mume wangu. Niliolewa katika nyumba hii nikiwa msichana aliyeacha shule mapema, na kazi nyingi nizijuazo nimefundishwa na mama huyu. Alinionyesha kusimika kijiti ukingoni mwa mto na kukitazama kila asubuhi, ili tujue maji yanapanda au yanashuka. Alinionyesha kuvuka Tana nikiwa nimesimama kwenye mtumbwi, pondo mkononi, mzigo wa mpunga miguuni. Mimi nilikuwa naketi kwa woga. Yeye hakuketi hata siku moja.

Mwaka jana, baada ya mavuno, aliteleza kwenye tope la kivukoni. Hakupiga kelele. Tulidhani ameteguka, tukamkanda kwa maji ya moto, na kila tulipomkanda alikuwa anauma ncha ya leso. Picha iliyopigwa hospitali ya Mombasa ilionyesha kwamba mfupa wa paja umevunjika pale unapoingia kwenye nyonga, na kwamba hauwezi kuungwa. Madaktari wakasema watautoa, watie wa chuma.

Mimi ni mtu wa hofu. Mtoto akikohoa nasikia kaburi. Kwa hiyo siku ya upasuaji sikuweza hata kunywa maji. Lakini siku iliyofuata, kabla sijamaliza kumshukuru Mungu kwamba yuko hai, alikuja dada mmoja wa mazoezi ya viungo, jina lake Linda, akasema, "Mama, leo tunasimama."

Nikamwambia, "Huyu? Leo?"

"Leo."

Akamshika kwapa, akamwekea woka mbele, ile fremu ya kutembelea yenye miguu minne. Mama Laban akasimama. Aliyekuwa na nyonga ya kuzaliwa nayo, yaani mimi, ndiye aliyeshika ukuta.

Kabla hatujaondoka Linda alitukalisha, akatueleza taratibu. Mama asikae mahali palipo chini ya kimo cha goti lake. Asiiname kuokota kitu. Asikunje mguu wala kuuvusha juu ya mwenzake. Akilala, mto uwe katikati ya magoti. Asipofuata, nyonga inaweza kuchomoka, na ikichomoka mguu ule utakuwa mfupi kuliko mwenzake na utageukia ndani. "Mama Maurine," akaniambia mimi, "kila mara angalia visigino vyake. Vikiwa sawa, shukuru."

Niliitikia kila neno. Ni tulipofika nyumbani ndipo nilipoona kwamba maisha yetu yote yako chini. Mafiga yako chini. Mbuzi ya kukunia nazi ni ya kuchuchumalia. Choo ni tundu. Kuku, maji, mchele wa kupeta, watoto, kila kitu kinamtaka mwanamke ainame. Nilisimama uani nikashangaa tumewezaje kufika uzee na nyonga zetu.

Laban aliinua kitanda kwa matofali. Akatoboa kiti cha plastiki, akakisimamisha juu ya tundu la choo. Mama yake alipokikalia mara ya kwanza alikaa huko ndani mpaka nikaanza kuogopa, halafu nikasikia sauti yake.

"Laban."

"Naam, mama."

"Babako hakuwahi kunipa kiti cha enzi. Wewe umenipa, umekiweka chooni."

Uani tulimwekea kiti kirefu cha mbao kilichoongezwa mto. Nikafikiri kazi kubwa imekwisha.

Sasa hapa kwetu mtu akirudi kutoka hospitali, wanawake huja kumwangalia. Hawaji mmoja mmoja. Mkeka hutandikwa uani, wakakaa wote, miguu imenyooshwa, mgonjwa akiwa katikati yao akiweza kukaa. Anayekaa kitini wakati wenzake wako chini ni mgeni wa serikali, au ni mtu anayejiona. Hakuna aliyetufundisha hivyo kwa maneno. Tunajua tu.

Walipokuja mara ya kwanza, niliutandika mkeka wa Mama Laban mwenyewe, wa miyaa, aliousuka kwa mkono wake kabla ya macho kupungua nguvu. Wanawake wakakaa chini. Yeye akabaki juu kitini. Jirani yetu Kache, Mgiriama ambaye mdomo wake haujui likizo, akainua macho.

"Haya, tumefika mahakamani. Mheshimiwa hakimu, tusomee kesi zetu."

Wakacheka. Mama Laban pia alicheka, ila nilimwona akiangalia mikono yake. Siku zilizofuata, watu wakija, alikuwa anasema amechoka. Nilipomuuliza kama anaumwa, akanijibu, "Siumwi. Nachoka kuzungumza na utosi wa watu."

Niliona, lakini sikujua la kufanya. Mimi nilikuwa nalinda chuma. Sikufikiri kwamba kuna kingine cha kulinda.

Kisha akaja dada yake mkubwa kutoka Kilelengwani, Mama Nicholas. Huyu ndiye aliyemlea mavyaa wangu baada ya mama yao kufa. Mwenyewe amekonda, mfupi, na mbele yake hata Laban, mtu mzima mwenye mvi, huvua kofia. Habari ya kuja kwake ikawaleta na wanawake wa jirani. Mama Nicholas akafika, akavua ndala, akaketi mkekani bila kungoja kuambiwa. Mimi nikaingia jikoni kuchuja tui.

Nilipotoka, kiti kilikuwa kitupu.

Mama Laban alikuwa ameketi chini mkekani kando ya dada yake. Mguu wa kushoto ulikuwa umenyooka. Wa kulia, wenye chuma, ulikuwa umekunjwa.

Sijui nililiweka wapi chujio. Nakumbuka nimepiga magoti mbele yake. Yeye akaniangalia kwa upole.

"Mama Maurine, siwezi kumkalia dada yangu kichwani."

"Mama, unyooshe. Polepole. Usigeuke."

Akaunyoosha. Uso wake ulibadilika rangi, akashika mkono wa dada yake. Nikamlaza chali, nikashika miguu yote miwili, nikavileta visigino pamoja. Nilivitazama mpaka machozi yakanizuia. Nikafuta, nikatazama tena. Vilikuwa sawa. Lakini bado alikuwa chini, na Linda hakunifundisha namna ya kumtoa mtu chini. Tukimvuta mikono atakunjika. Tukimkalisha atakunjika. Laban alikuwa shambani ng'ambo.

Mama Nicholas ndiye aliyesema. "Amelalia nini?"

"Mkeka."

"Nani aliusuka?"

"Yeye mwenyewe."

"Basi hautakatika. Njooni huku, shikeni ukingo."

Tukajipanga kama watu wanaotoa mtumbwi majini, huku na huku, kila mmoja amekunja ukingo wa mkeka ngumini. Tuliweka mto katikati ya magoti yake. Mama Nicholas akasimama upande wa kichwa. Kache alikuwa upande wa nyonga mpya, na kwa mara ya kwanza nilimwona hana la kusema. Halafu akalipata.

"Mama Laban, usivute pumzi nyingi. Unajiongezea uzito."

"Nyamaza wewe, utaniangusha."

"Pamoja," akasema Mama Nicholas.

Tukainua. Miyaa ikalia, ile sauti kavu, nikafumba macho. Nilipoyafumbua, mama alikuwa hewani, amenyooka, macho yake yanaangalia mbingu, na wanawake wa Idsowe wanatembea naye kwa hatua za kinyonga kuelekea mlangoni. Nimewahi kuona mto ukihama njia yake usiku mmoja na kuacha shamba letu upande wa pili, na siku ile nilihisi vile vile, kwamba ninaona kitu kikubwa na si lazima nikielewe. Tukamfikisha kitandani, juu ya matofali ya mwanawe, tukamteremsha bila kumkunja hata kidogo.

Mama Nicholas akasimama kando ya kitanda cha mdogo wake, anahema.

"Ni nani aliyekufundisha heshima ya kujivunja?"

"Ni wewe."

Wakatazamana. Mama Nicholas akatoka nje, na nilimwona ameegemea mpapai, mgongo wake unatetemeka.

Tulimpeleka hospitali ya Ngao akapigwa picha. Daktari akainua ile picha kwenye mwanga wa dirisha ili nami nione. Chuma kilikuwa cheupe kabisa, kimekaa ndani ya kikombe chake kama yai ndani ya kata ya kuchotea maji. Akasema kimetulia. Akasema pia, bila kuinua sauti, kwamba tusimjaribu Mungu mara ya pili.

Jumapili baada ya ibada niliwasikia wanawake wakija. Nikachukua mkeka nikautandike, lakini Mama Nicholas, ambaye alikuwa hajarudi kwao, akanishika mkono. "Huo tundika ukutani. Kazi yake imekwisha."

Nikachungulia nje. Kache alikuwa mbele, amebeba kinu kichwani. Nyuma yake mwingine ana debe, mwingine ndoo ya rangi, wawili wamebeba benchi la kanisa, na mmoja amejitwika kreti tupu la soda. Wakaingia uani, wakaweka benchi, wakapindua vile vyombo kifudifudi, wakakaa. Kache akakaa juu ya kinu chake, akajitengeneza leso.

"Leo mahakimu tuko wengi. Mshtakiwa aletwe."

Mama Laban akatoka na woka yake. Akasimama mlangoni. Alizungusha macho kutoka kwa mmoja hadi mwingine, na wote walikuwa wamekaa kwa kimo cha kiti chake. Akaanza kutembea, woka, mguu, mguu, akimpa kila mmoja mkono bila kuinama na bila yeyote kuinuka, mpaka akafika kwenye kiti chake na kukaa katikati yao.

Darmi, mama wa Kiorma anayetuuzia maziwa, akapita njiani na kibuyu chake, akasimama kushangaa.

"Kuna mkutano wa chifu hapa?"

"Hakuna chifu," akajibiwa na Kache. "Kuna nyonga. Tafuta kitu ukae, lakini usikae chini."

Darmi akakalia kuni, akasema hazitoshi, akaongeza nyingine.

Mama Nicholas ndiye aliyekuwa wa mwisho kukaa. Alichagua debe lililowekwa juu ya matofali, na kwa ufupi wake miguu haikufika ardhini. Ikabaki inaning'inia, inacheza, kama ya msichana aliyekaa ukingoni mwa mtumbwi. Mama Laban aliiona. Akaanza kucheka, kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu siku ya kivukoni, akacheka mpaka akashika ubavu, na dada yake akamuuliza unacheka nini wewe, naye akazidi kucheka.

Wote walikuwa wanamtazama uso. Mimi nilitazama chini, kwenye visigino. Vilikuwa sawa.